Mwaka Mtama wa Goreti Ulipotoka Madoa

Wewe unayenisikiliza, tafuta mahali pa kukaa kwa raha, maana habari hii si ndefu ila haitaki kukimbizwa. Mwezi uliopita tulimzika shangazi yangu Melania huko Mabawe, wilayani Ngara. Watu wa msibani walipoanza kupungua nilibaki jikoni kwake nikisugua masufuria makubwa tuliyoyaazima kanisani, na nje ya mlango wanawake wawili wa jumuiya yake ya kanisa walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini. Walikuwa wakikumbuka mwaka ambao marehemu alikaribia kugombana na kitongoji kizima. Mmoja alisema ugomvi uliletwa na yule mama wa Kirundi. Mwenzake akasema hapana, mama wa watu hakuwa na neno na mtu, ugomvi ulitokana na majani ya mtama. Niliwasikiliza nikiwa nimeinamia sufuria na sikuingilia, kwa sababu wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Maisha yangu yote nimefanya kazi ya kusaga majani, kuyaloweka katika spiriti, kuchuja rangi zake na kuuliza kila rangi inafanya kazi gani ndani ya mmea. Wanafunzi wangu huniuliza niliingiaje katika kazi ya namna hiyo, na mara nyingi huwapa jibu fupi kwamba nilikuwa na mwalimu mzuri wa kemia. Mwalimu huyo alikuwepo, namshukuru. Lakini mlango wenyewe niliuingilia Mabawe, mwaka ule wa wakimbizi, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na nimepelekwa kwa shangazi kusubiri majibu ya mtihani.

Ulikuwa mwaka wa vumbi na malori. Malori ya chakula yalipita barabara kuu kuelekea kambini tangu asubuhi, na hata sisi tuliokaa mbali na barabara tuliyasikia yakipanda milima kwa kuguna. Ukipanda kilima kilicho nyuma ya kanisa uliona moshi wa kambi umetanda kama ukungu uliokataa kuondoka. Miti ilikatwa kila upande, kuni zikawa za kufuatwa mbali, na mahindi ya njano ya msaada yalianza kuonekana katika masufuria ya wenyeji kwa sababu watu wa kambini waliyabadilisha na ndizi zetu. Pamoja na mahindi zikaja habari za magonjwa. Kila aliyerudi kutoka upande ule alisimulia surua, kuhara damu, watoto waliozikwa. Nakueleza haya ili usije ukawahukumu vibaya watu wa kitongoji chetu. Waliogopa, na hofu yao ilikuwa na sababu.

Goreti, yule mama wa Kirundi, hakupitia kambini. Aliingia nchini kupitia mpaka wa Kabanga, akapokelewa na watu wa jumuiya, na jumuiya ikamleta kwa shangazi kwa kuwa ndiye aliyekuwa na chumba. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya maharage. Nililala humo mimi na yeye, magunia yakiwa upande wa kichwani na magunzi ya kuwashia moto yamepangwa miguuni, na harufu ya maharage makavu iliyochanganyika na moshi hadi leo hunirudisha pale mara moja. Alikuwa mama wa makamo, mkimya, mwenye mikono mikubwa. Kirundi chake na Kihangaza cha shangazi vilielewana bila mkalimani, mimi wa Kiswahili cha shule ndiye niliyekuwa nikiachwa nyuma, nao walicheka wakinisubiri. Tulikula ndizi za kupika na maharage karibu kila siku. Siku ambayo shangazi alipika dagaa, Goreti alikula kichwa cha kila dagaa kwanza, polepole, na shangazi akamtania kwamba ukitaka kumjua mtu wa mbali mpe dagaa.

Jioni moja nilikuwa nachambua maharage nyuma ya kiambaza cha jikoni nikawasikia wakizungumza. Shangazi alitaka kujua ni kitu gani Goreti alikuwa amekifunga kiunoni ndani ya kitenge, ambacho hakukitoa hata wakati wa kuoga. Goreti akasema ni mtama, mbegu ya nyumbani kwao, aliyoachiwa na mama mkwe wake. Alisimulia jinsi alivyotembea nao siku zote za njiani, na kuna siku alikuwa na maji na moto na sufuria ya kuazima na hakuupika. Shangazi akamuuliza aliwezaje. Goreti akasema, "Kila tulipokaa kupumzika nilikuwa naugusa, nione kama bado upo." Basi. Hakumtaja mumewe, hakuitaja nyumba yake. Kesho yake shangazi alimpimia ukanda wa shamba upande wa bondeni, unaopakana na shamba la Mzee Gwasa, na mtama ukapandwa.

Mzee Gwasa ndiye aliyekuwa balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mtu wa kofia, wa maneno machache yenye miiba, na alikuwa mkulima hodari kuliko wote tuliowajua. Mtama wa Goreti ulipofika kiunoni, kukaja kipindi cha jua kali katikati ya mvua, na wadudu wadogo wakashambulia mashamba yote. Mtama wa wenyeji ukapata vijidoa vya rangi ya udongo, kitu ambacho watu walikizoea na hawakukitazama mara mbili. Mtama wa Goreti ukatoka madoa mekundu. Si wekundu wa haya, ni wekundu wa zambarau iliyoiva, yamezunguka kila palipoumwa, mengine yameungana yakawa mistari mirefu kama jani limechapwa fimbo. Mzee Gwasa alisimama mpakani akautazama muda mrefu, halafu akapaza sauti ili shangazi asikie kule jikoni. "Melania, mgeni wako amepanda mtama au amepanda surua?"

Utani ule ulisambaa haraka kuliko moshi. Kisimani wanawake waliniuliza kama mgonjwa wetu ameamka salama, wakanipa jina la nesi wa mtama. Nilicheka nao mwanzoni. Lakini wiki haikwisha kabla utani haujageuka, maana watu walianza kusema kwamba ugonjwa umevuka mpaka ndani ya kitenge, na kwamba ukiingia katika mashamba yetu, mwaka ujao na sisi tutapanga foleni ya mahindi ya njano. Mzee Gwasa akaja rasmi, akakaa juu ya kigoda, akakataa uji. Alisema mtama ule ung'olewe wote na kuchomwa ifikapo Jumapili ya wiki iliyofuata. Ikishindikana atalipeleka jambo kwa uongozi wa kijiji, na huko wataanza na mtama, kisha watauliza kwa nini mwenye mtama anaishi nje ya kambi. Alilisema hilo la mwisho akiangalia chini, na nadhani hakupenda kulisema. Goreti alikuwa ameketi mlangoni. Mkono wake ulikwenda kiunoni, mahali ambapo hapakuwa tena na kitu, kwa sababu mbegu yote ilikuwa ardhini.

Asubuhi yake shangazi alinituma kwa bwana shamba wa kata, aliyeitwa Yusufu, mtu wa Kaniha kule Biharamulo, ambaye kazi ilimleta Ngara na baiskeli yake. Alikuja akiwa na matope hadi magotini. Balozi alikuwepo, na majirani kadhaa walijifanya wanapita njia. Bwana shamba aliingia katika ukanda wa Goreti, akachuchumaa, akageuza jani juu chini, akalinusa, akapasua bua moja na kutazama ndani, akakwaruza doa kwa ukucha. Alikaa humo kiasi cha watu kuanza kukohoa. Kisha akasimama.

"Shikamoo balozi," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza amefika. "Huu mtama siujui. Na hili doa siwezi kukuambia ni nini."

"Marahaba. Serikali imekuleta hapa ujue."

"Imenileta niangalie, mzee wangu. Nikibahatisha leo, utang'oa mtama usio na kosa, au utaacha wenye kosa. Nipe hadi hiyo Jumapili yako."

Nilikuwa nimemaliza miaka ya shule bila kumsikia hata mara moja mtu wa ofisi akisema hajui mbele ya watu, tena bila aibu, kama mtu anayesema hana kiberiti. Na hapo hapo, bila kuvuta pumzi, akaanza kueleza tufanye nini ili tujue. Nikiwafundisha vijana leo huwaambia kwamba sayansi nzima iko katika hatua hizo mbili, na kwamba ya kwanza ndiyo ngumu.

Alitueleza hivi. Yako maswali mawili, na tusiyachanganye. La kwanza, je, wekundu ule ndio ugonjwa wenyewe, au ni mmea unajibu unapoumizwa? La pili, je, unaambukiza mtama wa jirani? Kwa swali la kwanza tutachukua mwiba wa mlimau, tuuchemshe uwe safi, tutoboe majani ya Goreti ambayo bado hayana doa. Kama yatatoka wekundu kwa kutobolewa tu na mwiba safi, basi rangi inatoka ndani ya mtama, haikuletwa na mdudu wala uchafu. Kwa swali la pili tutatwanga majani yenye madoa, tuchukue maji yake, tutoboe mtama wa kienyeji na kuyapaka pale pale penye kidonda. "Sasa nahitaji mtama wa kienyeji," alisema, akamtazama balozi.

"Wangu hapana," alisema Mzee Gwasa. Majirani waliokuwa wanapita njia wakakumbuka shughuli zao. Lori likasikika likibadilisha gia mbali barabarani.

"Chukua wangu," alisema shangazi. "Ule wa nyuma ya jiko."

"Melania, ule ndio chakula chako."

"Najua, balozi. Ndiyo maana nautoa mimi, sikukuomba wewe."

Basi ikafanyika. Bwana shamba alitoboa, mimi nikafunga kamba ya mgomba kwenye kila jani lililotobolewa ili tusije tukapotezana nalo, halafu akaniagiza niangalie kila asubuhi na nisiseme ninachotamani, niseme ninachoona. Yeye akapanda baiskeli, maana kata nzima ilikuwa inamsubiri. Nakiri kwamba leo mwanafunzi akiniletea jaribio la namna ile nitamrudisha akalipange upya. Mimea ilikuwa michache, haikufunikwa, na muda ulikuwa mfupi. Lakini lilikuwa jaribio la haki, kwa sababu lingeweza kutoa jibu tusilolitaka, na kila mtu aliyehusika alilijua hilo.

Aliyelijua zaidi alikuwa Goreti. Wiki ile hakukanyaga shambani. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akasuka mkeka, akachota maji kuliko tulivyoweza kuyatumia. Nilipoingia asubuhi na umande miguuni aliniuliza swali moja tu, kwa namna wanavyosalimiana kwao. "Mtama umeamkaje?" Nami nilimwambia bado, hakuna kitu, au naona kama rangi inaanza upande wa kwako. Asubuhi moja alinishika mkono kabla sijatoka. Aliniuliza, nikikuta wekundu katika mtama wa shangazi nitasema? Nilijibu kwamba itanibidi niseme. Nilijua ninachosema, na yeye alijua zaidi yangu. Aliniachia mkono. "Sema," aliniambia. "Huyu mama amenipa chumba." Kisha akaenda kukoleza moto.

Katika mtama wa Goreti, kila palipotobolewa na mwiba safi palizungukwa na pete nyekundu, kwanza ya rangi ya chungwa, kisha ikakolea. Haikusambaa jani zima. Ilisimama pale pale penye kidonda kama mtu aliyewekwa kulinda mlango. Na majani mapya yaliyochomoza katikati yalitoka safi kabisa. Katika mtama wa shangazi uliopakwa maji ya madoa, palipotobolewa pakawa na kidoa kikavu cha rangi ya udongo, sawa na vile vilivyokuwepo siku zote, na wekundu haukuonekana popote. Niliangalia tena na tena, nikamwita shangazi naye aangalie, kwa sababu niliogopa macho yangu yanaona ninachotamani.

Nilichokiona wakati ule sikuwa na jina lake. Jina nilikuja kupewa chuo kikuu, na hapo ndipo nataka utulie kidogo nikueleze, si jambo gumu. Mmea hauwezi kukimbia. Jua likiuchoma, mdudu akiuuma, ukungu ukitaka kuingia, unabaki pale pale, kwa hiyo umejifunza kutengeneza dawa zake mwenyewe. Kundi moja kubwa la dawa hizo tunaliita flavonoidi. Nyingine hazina rangi, nyingine ni za njano, nyingine nyekundu au zambarau. Ziko zinazokinga jani dhidi ya jua kali, ziko zinazotoka katika mizizi ya maharage na kuwaita bakteria wa udongoni wanaolisha mmea, na ziko zinazotengenezwa pale tu mmea unapojeruhiwa. Mtama una aina yake ya pekee, nyekundu, ambayo ni sumu kwa ukungu. Nilipoiona kwa mara ya kwanza kwa hadubini, vijipira vyekundu vimesogea ndani ya seli kuelekea mahali adui anapoingilia, ilinibidi niinue kichwa na kutazama dirishani kwa muda. Seli inayoitengeneza hufa yenyewe, na jani linabaki. Mtama wa wenyeji nao hujitetea, tena vizuri, ila dawa yake haina rangi hiyo, basi haumshtui mtu. Nimeulizwa mara nyingi, hasa na watu wa dini, kama hapo hakuna fundisho kuhusu wageni na wenyeji. Huenda lipo. Mimi sipendi kuufanya mmea uhubiri, una kazi nyingi za kutosha.

Jumapili ile balozi alikuja moja kwa moja kutoka misani, na viatu vyake vizuri, akaingia shambani navyo. Bwana shamba alikuwa amefika mapema. Niliwaonyesha jani moja moja, penye kamba ya mgomba, nikasema nilichokiona bila kuongeza. Mzee Gwasa alivua kofia ili aone vizuri. Alitembea hadi nyuma ya jiko, akarudi, akaenda tena. Mwishowe alifungua mdomo.

"Nimeona," alisema. "Kuelewa bado."

Bwana shamba akamwambia kwamba hata yeye kuelewa bado, wapo sawa. Balozi akaamua mtama ukae hadi uvunwe, ila mbegu yake isivuke mpaka wa shamba la shangazi, na kijijini hatapeleka kitu kwa sasa. Lile neno "kwa sasa" lilikaa nasi nyumbani miezi yote iliyofuata kama mgeni asiyesema anaondoka lini.

Mtama ukaiva kiangazi kilipoanza. Tulishinda tukifukuza ndege, mimi na Goreti, tukipiga madebe na kuimba ovyo, na masuke yake yalikuwa mazito, mekundu, yameinama. Sasa huku kwetu, kama kwao ng'ambo, mtama mpya hauliwi kimya kimya. Wakubwa wa nyumba huonja kwanza, na majirani wa mipaka yote huitwa kuonja. Jirani aliyeitwa asipokuja, hana haja ya kusema kitu kingine, kila mtu ameelewa kwamba ana neno moyoni. Shangazi alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba kualika, na kwa Mzee Gwasa alipita vilevile, akapokea jibu kwamba wamesikia.

Goreti alisaga tangu asubuhi. Alisonga ugali mweusi wa mtama, unaong'aa, akapika maharage na majani ya kunde, na shangazi akatoa pombe ya ndizi aliyoichachusha kwa mtama ule ule. Watu wakaja. Wale wanawake wa kisimani walikuja, wakaniuliza kama nesi amemruhusu mgonjwa aliwe. Bwana shamba, ambaye kwa dini yake hakugusa pombe, alipewa uji. Kila mtu alikuwa ameketi na ugali ulikuwa mezani unapoa, lakini shangazi hakuruhusu uguswe. Aliendelea kusogeza vibakuli, akapanguza palipo safi. Goreti alikuwa amesimama karibu na mafiga akiwa na mwiko mkononi, hamtazami mtu.

Mzee Gwasa alifika amechelewa, mkewe nyuma yake. Alisalimia, akanawa, akaketi karibu na mlango. Alimega tonge, akalitazama kwenye mwanga, akachovya, akala. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji kutafunwa.

"Maharage haya hayana chumvi," alisema.

Goreti aligeuka, akachukua kopo la chumvi, akamletea kwa mikono miwili. Mzee akajinyunyizia, akamega tonge la pili, na hapo ndipo wote tukaanza kula. Kabla hawajaondoka mkewe alimnong'oneza shangazi kwamba mzee anauliza, suke moja tu, la kujaribu pembezoni mwa shamba, inawezekana? Shangazi akasema mwenye mtama yupo pale, aulizwe yeye.

Hayo ndiyo wanawake wale wawili walikuwa wakibishania nje ya jiko la marehemu. Kwa hiyo nawe, siku utakapokuta mmea wako umetoka madoa mekundu, usiung'oe siku hiyo. Chagua mimea michache, funga kamba kwenye jani lenye madoa ili ulitambue, uligeuze ulione na upande wa chini, kisha rudi baada ya wiki moja utazame jani jipya linalochomoza katikati. Likitoka nalo lina madoa au limejikunja, ng'oa mmea ule na umwite bwana shamba. Likitoka safi, palilia, uuache uendelee.